Kupima Kwesetini kwenye Neutrofili za Binadamu: Mwongozo kwa Anayeanza

Msimu wa miradi ya utafiti ukifika, maswali huwa yale yale. Mmoja amechemsha majani ya mlonge, akayamimina kwenye neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, supaoksaidi (oksijeni kali wanayotoa kuua vijidudu) ikashuka, sasa anauliza kama amepata dawa ya uvimbe. Mwingine anataka kujua atumie kiasi gani cha kwesetini, moja ya flavonoidi, kemikali za mimea zilizomo kwenye vitunguu na chai. Wa tatu seli zake zimegandana ndani ya tyubu, anauliza kama azitupe. (Zitupe.) Majibu nimeyaweka hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Kabla hujagusa pipeti, shika hili: kipimo kikishuka baada ya kuweka flavonoidi, bado hujaonyesha kwamba kimeng'enya kimezuiwa. Huenda kimezuiwa kweli. Huenda amri ya kukiwasha ndiyo iliyokatizwa njiani. Huenda kimeng'enya kinafanya kazi kama kawaida, ila flavonoidi inakidaka kile kinachotoka. Huenda seli zimekufa. Na huenda ni rangi ya flavonoidi tu inayoisumbua mashine. Hatua zote hapa chini zimepangwa ili uweze kuyatenganisha haya, na ukiruka kontroli moja (kisima cha kulinganishia), moja kati ya maelezo hayo litabaki wazi na msahihishaji wako ataliona.

Nadharia kidogo, ya kutosha tu

Neutrofili ina vimeng'enya viwili vinavyokuhusu. Cha kwanza ni NADPH oksidasi. Sehemu zake mbili, NOX2 na p22phox, zimekaa kwenye utando. Nyingine, yaani p47phox, p67phox, p40phox na Rac2, huwa ndani ya seli mpaka zipate amri ya kwenda kuungana na wenzao. Zikiungana, elektroni zinatoka kwa NADPH, molekuli ya seli inayozibeba, kwenda kwa oksijeni na supaoksaidi inazaliwa. Cha pili ni mieloperoksidasi, MPO, iliyohifadhiwa kwenye chembechembe za seli. Supaoksaidi ikishageuka haidrojeni peroksaidi, MPO huichukua pamoja na kloridi na kutengeneza asidi ya haipoklorasi, ile ile inayofanya kazi kwenye dawa ya kung'arisha nguo.

Watu wanaozaliwa na NOX2 mbovu huandamwa na maambukizi mazito ya bakteria na kuvu tangu utotoni. Kwa hiyo usiandike kwenye utangulizi wako kwamba kuzima kimeng'enya hiki ni jambo jema moja kwa moja.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kibali kwanza. Damu ya binadamu haichukuliwi kwa utafiti bila kamati ya maadili kupitisha na mchangiaji kutia saini ridhaa, hata kama mchangiaji ni wewe mwenyewe au rafiki yako wa chumba kimoja. Tanzania Bara, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ndiyo yenye kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya. Kenya utahitaji kamati iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Uganda kuna UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Anza mapema, maana karatasi hizi huchukua muda mrefu kuliko jaribio lenyewe.

Vifaa na dawa:

- Tyubu za damu zenye EDTA, ya kuzuia damu isigande.
- Dekstrani T500 ya asilimia 3 ndani ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9.
- Ficoll-Paque ya msongamano wa 1.077.
- Maji ya chumvi ya asilimia 0.2 na ya asilimia 1.6, yaliyopozwa kwenye barafu.
- Bafa ya HBSS (maji ya chumvi ya Hanks) ya aina mbili, isiyo na kalisi na magnesi, na yenye navyo. Zote ziwe na glukosi, na zote zisiwe na fenoli nyekundu, kwa sababu rangi hiyo itakuharibia usomaji.
- Kwesetini safi, DMSO (kiyeyushi), saitokromu c (protini inayobadilika rangi ikipokea elektroni), SOD (kimeng'enya kinachoondoa supaoksaidi), PMA na fMLP (viwashaji vya neutrofili), saitokalasini B (huisaidia seli kumwaga MPO), TMB (hugeuka bluu MPO ikifanya kazi) na haidrojeni peroksaidi.
- Difenilini aiodoniamu, DPI, kama kontroli ya kuzima oksidasi.
- Sentrifuji inayoweza kuzimwa breki, hadubini, chemba ya kuhesabia seli, bluu ya tripani (rangi inayopaka seli mfu), na mashine ya kusomea sahani za visima 96 inayofika nyuzi 37.

Anza na kwesetini safi, siyo mchemsho wa majani. Mchemsho una tanini, sukari, rangi na mara nyingi sumu za kuta za bakteria ambazo peke yake huiamsha neutrofili nusu. Ukishaimudu kwesetini, rudi kwa mlonge wako.

Usalama: damu yoyote ihesabu kuwa na maambukizi. Uwe umechanjwa homa ya ini B, vaa glavu na koti, na mabaki yaloweke kwenye dawa ya klorini. PMA huchochea uvimbe wa saratani, na DMSO hupenya ngozi ikibeba kilichomo ndani yake, basi mchanganyiko wa hivyo viwili usikufikie mkononi.

Sehemu ya kwanza: kupata seli

1. Chagua wachangiaji. Mtu asiwe ameugua malaria, mafua au kuhara ndani ya wiki mbili, wala asiwe amekunywa aspirini, diklofenaki au dawa nyingine ya uvimbe. Fanya kipimo cha haraka cha malaria, kwa sababu malaria hubadilisha tabia ya neutrofili. Mwenye selimundu usimtumie. Mwambie pia asinywe chai wala kula vitunguu asubuhi hiyo, kwani navyo vina flavonoidi.

2. Piga hesabu ya damu. Hapa ndipo itifaki zilizoandikwa Ulaya zinapotuangusha. Waafrika wengi wana aina ya jeni la Duffy inayoambatana na idadi ndogo ya neutrofili kwenye damu, bila ugonjwa wowote. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuwa na bilioni 2 kwa lita, au pungufu ya hapo. Mililita 20 za damu yake zina neutrofili milioni 40, na ukiokoa nusu unabaki na milioni 20. Sahani moja iliyojaa, kwa seli 200,000 kila kisima, inakula milioni 19. Utaona kwamba mililita 10 hazikutoshi. Angalia hesabu ya damu ya mchangiaji ndipo upange sahani.

3. Changanya damu na dekstrani, kiasi kwa kiasi. Geuza tyubu taratibu mara kadhaa, usitikise, kisha isimamishe wima dakika 20 hadi 30. Chembe nyekundu zitashuka. Fyonza tabaka la juu la rangi ya majani makavu, acha lililo chini.

4. Zungusha tabaka hilo kwa 250 g, dakika 10. Mwaga kimiminika, kisha tia mashapo kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Angalizo: g siyo mizunguko kwa dakika. Zidisha 0.00001118 kwa urefu wa mkono wa sentrifuji kwa sentimita, kisha kwa mizunguko mara mizunguko. Mkono wa sentimita 16 ukizunguka mara 1,500 kwa dakika unatoa takribani 400 g. Nimeona watu wakizungusha seli kwa mizunguko 400 na kushangaa kwa nini hakuna kilichoshuka.

5. Weka Ficoll chini ya seli kwa pipeti ndefu, au mimina seli juu ya Ficoll kwa ubavu wa tyubu bila kuvuruga mpaka. Zungusha kwa 400 g, dakika 30, nyuzi 20, breki imezimwa. Msongamano wa Ficoll hubadilika na joto. Dar es Salaam au Mombasa mchana, chupa iliyokaa mezani haina tena 1.077. Iweke kwenye nyuzi 20 pamoja na sentrifuji yenyewe kabla ya kuanza.

6. Utaona utepe mweupe katikati. Hizo ni limfosaiti na monosaiti, siyo zako. Fyonza kila kitu mpaka chini, futa kuta za tyubu, na ubaki na mashapo mekundu. Humo ndimo zilimo neutrofili.

7. Pasua chembe nyekundu zilizobaki. Tia mililita 20 za maji ya chumvi ya asilimia 0.2, hesabu sekunde 25, kisha tia haraka mililita 20 za asilimia 1.6. Ukipitisha nusu dakika, neutrofili nazo zinapasuka, DNA inamwagika na kila kitu kinakuwa kamasi. Zungusha kwa 250 g, dakika 6. Rudia mara moja kama mashapo bado ni mekundu.

8. Tia seli kwenye HBSS isiyo na kalisi, weka kwenye barafu, hesabu kwa bluu ya tripani. Hai ziwe zaidi ya asilimia 95. Tumia ndani ya saa nne. Neutrofili hazigandishwi kwenye friza kwa ajili ya kesho. Umeme ukikatika katikati ya kazi, siku hiyo imekwisha.

Sehemu ya pili: supaoksaidi

9. Andaa kwesetini. Uzito wake wa molekuli ni 302.24, kwa hiyo miligramu 3.02 ndani ya mililita moja ya DMSO ni milimola 10. Gawa kwenye tyubu ndogo, funika na karatasi ya alumini, weka friza. Kutoka hapo tengeneza kwa DMSO milimola 2, 1 na 0.2. Ukizimua kila moja, pamoja na ile ya 10, mara 50 kwenye HBSS yenye kalisi na magnesi unapata myeyusho wa mara nne, na mwishoni kisima kitakuwa na mikromola 50, 10, 5 na 1, na DMSO nusu asilimia kote. Kisima cha kontroli nacho kiwe na DMSO hiyo hiyo nusu asilimia. Zimua dakika za mwisho tu: kwesetini kwenye bafa ya pH 7.4 huanza kuoza yenyewe na kutoa haidrojeni peroksaidi. Ukiona ukungu, imejitenga na maji na kipimo chako ni batili.

10. Jaza visima, mikrolita 50 mara nne:
   - 50 za kwesetini ya mara nne, au DMSO yake;
   - 50 za saitokromu c ya mikromola 320, ikiwa na SOD au bila;
   - 50 za seli milioni 4 kwa mililita, zilizohamishiwa kwenye HBSS yenye kalisi na magnesi dakika hiyo;
   - 50 za PMA ya nanomola 400, lakini bado usiiweke.

   Kila hali iwe na visima vitatu. Hali zenyewe: seli bila PMA, seli na PMA, seli, PMA na SOD, seli, kwesetini na PMA, hiyo hiyo na SOD, kwesetini na saitokromu bila seli, na seli zenye DPI ya mikromola 10. DPI huzima vimeng'enya vingine vya aina yake pia, kwa hiyo inakuonyesha tu kwamba mfumo unazimika.

11. Acha sahani dakika 10 kwenye nyuzi 37, kisha soma nanomita 550 kabla ya PMA. Usomaji huu wengi huuruka, nami nauthamini kuliko mwingine wowote. Kwesetini huipa saitokromu c elektroni moja kwa moja, bila seli na bila supaoksaidi. Kama visima vya kwesetini vimepanda tayari, hicho ndicho kipimo cha udanganyifu huo.

12. Weka PMA kwa pipeti ya midomo mingi, soma kila dakika kwa dakika 30. Myeyusho wa akiba wa PMA wa miligramu 1 kwa mililita ukizimuliwa mara 4,000 unakupa takribani nanomola 400.

13. Kokotoa. Chukua ongezeko la kisima kisicho na SOD, toa ongezeko la kisima chenye SOD cha hali hiyo hiyo. Tofauti hiyo peke yake ndiyo supaoksaidi. Igawe kwa 21.1 mara kina cha kimiminika kwa sentimita, upate milimola. Mfano: tofauti ni 0.25 na kina ni 0.55, jibu ni mikromola 21.5. Ndani ya mikrolita 200 hiyo ni nanomoli 4.3 kwa seli 200,000, yaani 21.5 kwa seli milioni. Kina usikikisie kuwa sentimita moja kama kwenye kuveti. Kosa hilo linapunguza majibu karibu nusu.

14. Rudia yote kwa fMLP ya mikromola 1 badala ya PMA. PMA huiwasha protini kinesi C, kimeng'enya kinachopitisha amri ndani ya seli, moja kwa moja, fMLP hupitia kipokezi cha utando. Kwesetini ikiizima fMLP lakini ikaiacha PMA, basi tatizo liko kwenye njia ya amri, siyo kwenye oksidasi. Jibu la fMLP ni fupi na dogo, kwa hiyo soma kila sekunde 15 kwa dakika tano za kwanza.

15. Jaribu kuosha. Weka seli na kwesetini dakika 10, zungusha, osha mara mbili, kisha washa kwa PMA. Uzuizi ukitoweka, kwesetini ilikuwa nje ikidaka supaoksaidi au ilishika kimeng'enya kwa ulegevu. Ukibaki, kuna kilichoingia ndani na kutulia.

Wengine hupenda kuthibitisha udakaji kwa zanthini na zanthini oksidasi, mfumo unaotoa supaoksaidi bila seli. Mtego wake ni kwamba kwesetini huizuia zanthini oksidasi yenyewe. Ukiutumia, pima pia asidi ya uriki kwenye nanomita 295, ukitoa mwanga unaofyonzwa na kwesetini. Uriki ikishuka pamoja na supaoksaidi, huwezi kuuita huo udakaji.

Sehemu ya tatu: MPO

Hapa kuna maswali mawili, na wanafunzi huyachanganya: je, kwesetini inazuia MPO *kutoka* kwenye seli, au inazuia MPO *kufanya kazi* ikishatoka?

16. Chukua seli milioni 5 kwa mililita kwenye HBSS yenye kalisi, weka saitokalasini B ya mikrogramu 5 kwa mililita, dakika tano kwenye nyuzi 37. Weka fMLP, dakika 10. Tia kwenye barafu, zungusha 500 g kwa dakika 10 kwenye nyuzi 4, kusanya kimiminika cha juu. Bila saitokalasini B, MPO itakayotoka ni kidogo mno.

17. Fanya makundi mawili. Kundi A liwekewe kwesetini kabla ya fMLP. Kundi B liwekewe kwesetini kwenye kimiminika kilichokwisha kukusanywa. B inapima kazi ya kimeng'enya peke yake. Kwa A, zimua kimiminika mara 50 au zaidi kabla ya kupima, ili kwesetini iliyobaki iwe hafifu na usome utokaji pekee.

18. Pasua seli nyingine kwa sabuni ya Triton ya asilimia 0.1 upate MPO yote, kisha eleza kilichotoka kama asilimia yake.

19. Weka TMB na haidrojeni peroksaidi, soma bluu kwenye nanomita 650. Usikimbilie asidi ya kusimamisha na kusoma 450: kwesetini ya njano na mabaki yake yanaingilia huko. Kumbuka pia kwamba kwesetini yenyewe ni chakula cha peroksidasi. Rangi ikichelewa kutokea kisha ikapanda kwa kasi ya kawaida, MPO haikuzuiwa. Ilikuwa inaimaliza kwesetini kwanza. Ndiyo maana usome mfululizo, siyo mara moja mwishoni. Ukitumia azaidi ya sodiamu kama kontroli ya kuzima MPO, isimwagwe kwenye sinki la bomba la chuma wala isikutane na asidi.

Mambo yakienda mrama

*Seli zimegandana.* Kalisi imeingia mapema, au umepasua chembe nyekundu kwa muda mrefu, au umevortexi (umetikisa tyubu kwa mashine). Neutrofili hazivortexiwi, hugongwa kwa kidole. Zilizogandana hazirudi.

*Seli bila PMA zinatoa supaoksaidi.* Ziliamshwa wakati wa kuzitenga. Angalia joto la chumba, ukali wa pipeti, na kama bafa ina sumu za bakteria. Bafa iliyotengenezwa wiki tatu zilizopita kwa maji ya chupa ya maabara ni mshukiwa wa kwanza.

*PMA haiwashi kitu.* Mara nyingi ulisahau kuzihamishia kwenye bafa yenye kalisi, magnesi na glukosi. Pili, PMA iliganda na kuyeyuka mara nyingi mno. Fungua tyubu mpya.

*SOD haishushi chochote.* Basi unachokisoma siyo supaoksaidi. Angalia visima visivyo na seli, halafu uhai wa SOD yako.

*Visima vya kwesetini vinasoma juu kuliko kontroli.* Inaipa saitokromu elektroni moja kwa moja, soma tena hatua ya 11. Ikiwa hali ni mbaya sana kwenye mikromola 50, ondoa dozi hiyo kwenye kipimo hiki. Luminoli (kemikali inayopima kwa nuru) nayo haitakuokoa, kwa sababu kwesetini huizima nuru yake vilevile.

*Uzuizi ni asilimia 100 kwenye dozi kubwa.* Pima uhai kwa bluu ya tripani baada ya jaribio, siyo kabla tu. Seli mfu hazitoi supaoksaidi.

*Wachangiaji wanatofautiana mno.* Ndivyo walivyo. Eleza kila mmoja kama asilimia ya kontroli yake mwenyewe, na hesabu wachangiaji, siyo visima. Visima vitatu vya mtu mmoja ni mtu mmoja.

*Msahihishaji anauliza: "Dozi hii inafikiwa mwilini?"* Kwesetini ya kwenye vitunguu na chai ikishapita utumbo na ini huzunguka kwenye damu zaidi ikiwa imefungwa na asidi ya glukuroni au salfeti, na kwa kawaida kiwango chake hakipiti mikromola chache. Kama athari yako inaonekana kwenye 50 tu, andika hivyo hivyo. Ukiwa na bajeti, agiza kwesetini-3-glukuronidi na uirudie sahani nayo.